Kwa Nini Mnunuzi Humficha Mtu Haja Yake na Kuifunulia Mashine?

Katika duka la dawa, anayetaka dawa ya mafua huitaja kwa sauti mbele ya foleni nzima. Anayetaka kondomu, dawa ya bawasiri au kipimo cha mimba hungoja wenzake waondoke, na pengine hununua kwanza dawa ya meno asiyoihitaji.

Mwaka 2001 Darren Dahl na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanunuzi wa kondomu. Ilidhihirika kuwa fedheha huletwa na kuwapo kwa mtu mwingine, awe yupo kweli au wa kufikiriwa tu. Aliyekwisha kuzoea ununuzi huo huathirika kidogo.

Basi programu za akili mnemba hazipendelewi kwa kuwa zinamshinda mfamasia maarifa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California waliwahoji watu kwa kutumia sura ya mtu iliyochorwa na kompyuta. Baadhi waliambiwa kuwa sura hiyo yajiendesha yenyewe. Wengine, kwamba yuko mtu anayeiongoza. Sura ilikuwa ile ile. Walioamini kwamba hapana mtu walikuwa na hofu ndogo ya kujieleza, hawakujitahidi sana kujipamba, na huzuni yao ilionekana wazi zaidi. Kwa hiyo wafanyabiashara wanaoipa programu jina la binti na picha yenye tabasamu huenda wakairudisha haya ile ile ambayo mteja aliikimbia.

Hata hivyo, haya si siri. Mwuzaji hutazama, kisha husahau. Mashine haitazami, bali huandika. Februari 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki GoodRx, kampuni inayowapatia watu punguzo la bei za dawa, kwamba ilizipelekea Facebook, Google na kampuni nyingine habari za dawa na maradhi ya watumiaji wake. GoodRx ilikubali kulipa dola milioni 1.5, bila kukiri kosa.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Zote mbili huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, ziwe katika jalada la hospitali au katika mazungumzo ya mteja na mashine ya duka.