Kwa nini ngege mchanga sokoni ni hasara ya kesho

WAKAZI wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kutoka Kaloleni hadi Kayole, hununua ngege wadogo waliokaangwa kwa kuwa bei yake haiumizi mfuko. Hata hivyo, unafuu huo una gharama fiche, nayo hutokana na jinsi samaki huyo anavyozaana.

Baadhi ya viumbe wa majini, mathalani konokono wa baharini aitwaye abaloni, humwaga mayai na mbegu majini kwa mamilioni, kisha huyaacha yajitafutie hatima. Ngege hutaga machache mno, lakini huyalinda. Dume huchimba kiota kwenye sakafu ya ziwa, jike hutaga humo, na mayai yakisharutubishwa huyabeba kinywani. Hata baada ya kuanguliwa, vifaranga hukimbilia kinywa cha mama panapotokea hatari.

Kwa hivyo, nyavu za kukokota ufuoni hubomoa viota na kumzoa mama pamoja na kizazi chake. Nazo nyavu zenye matundu madogo humnasa jike kabla hajazaa hata mara moja. Ndiyo sababu Kenya imeharamisha nyavu za kukokota katika Ziwa Victoria, na hairuhusu matundu yasiyofika inchi 5 kwa uvuvi wa ngege.

Vidimbwini hali ni kinyume: ngege huzaana kupita kiasi, hugombea chakula na kudumaa. Wafugaji hivyo hupendelea kufuga madume pekee.

Samaki mdogo kibandani, basi, huenda ametoka kidimbwini au ziwani. Wa ziwani akiliwa mapema, bei ya wachache watakaosalia itapanda, na atakayeumia kwanza ni mnunuzi yuyo huyo wa Eastlands.