Mzee asiyeona na raha ya kriketi redioni

Je, una mzee nyumbani ambaye mtoto wa jicho amemnyima televisheni? Mwekee redio. Huko Uingereza, tangu 1957, watangazaji wa BBC katika kipindi cha Test Match Special husimulia kriketi mpira baada ya mpira. Mechi moja yaweza kuchukua siku tano, hivyo hupata wasaa wa kutaja mawingu, njiwa uwanjani, hata keki wanazoletewa na wasikilizaji. Marehemu Brian Johnston alizipenda mno! Asiyeona huuona uwanja, tena ana mwenzake kutwa nzima.

Lakini redio huliwaza tu, haitibu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Usimwache mzee azoee giza. Mpeleke kliniki ya macho, na redio yake aibebe.