Kitanda cha Watoto na Elimu ya Ubao Mkavu

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kazi ya mikono ambayo baba, mama na watoto waweza kuifanya pamoja uani mwao, nayo ni kutengeneza kitanda cha watoto chenye nguzo nne za kutundikia chandarua. Huenda mtu akasema, "Kitanda ni kitu kidogo, hununuliwa njiani." Ni kweli hununuliwa, illakini tutaeleza kwa nini kile cha kununua mara nyingi hakidumu, na kwa nini kile cha nyumbani, kikifanywa kwa subira, chaweza kuwalaza watoto wa leo na wadogo zao wasiozaliwa bado.

Katika nyumba nyingi za vijijini watoto hulala sakafuni juu ya mkeka au jamvi. Chandarua kipo, pengine kipya kabisa, lakini hakina pa kufungwa: kamba moja imefungwa kwenye boriti, ya pili kwenye msumari wa dirishani, na upande wa tatu umemlalia mtoto usoni. Mbu aenezaye malaria, yule aitwaye anofeles, huuma usiku, naye aweza kuuma kupitia matundu ya chandarua pale ngozi ya mtoto iegemeapo kitambaa. Tena mtoto alalaye chini hujigeuzageuza, na mguu hutoka nje bila mtu kujua. Kitanda chenye nguzo hukiweka chandarua wima pande zote nne, na pindo zake hukunjwa chini ya godoro. Hiyo ndiyo faida tuitafutayo. Uzuri wa chumba waja nyuma yake.

Basi tuseme habari za ubao. Pamba huuzwa wakati wa kiangazi, na fedha ikiisha kuingia nyumbani, vitanda huonekana vimepangwa kando ya barabara, viking'aa kwa vanishi. Mnunuzi hukitikisa kimoja, akakiona imara, akalipa, akakichukua. Baada ya miezi mitatu kitanda kinalia kila mtu ajigeuzapo, na kabla ya mwaka kwisha miguu imelegea. Mnunuzi humlaumu fundi kwamba amepiga misumari michache. Aghalabu misumari haina kosa. Kitanda kilitengenezwa kwa ubao mbichi.

Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji yapatayo nusu ya uzito wake. Maji hayo yatokapo, ubao husinyaa. Lakini hausinyai sawasawa. Kwa urefu haupungui kwa kadiri ya kuonekana, ila kwa upana hupungua sana, hata ubao wa upana wa inchi 6 waweza kupoteza zaidi ya robo inchi. Kwa hiyo tundu alilochonga fundi hubadilika umbo, ulimi uliojaa ndani yake huwa mwembamba, na msumari hubaki umeshikilia nafasi tupu. Ukiongeza misumari, ubao wapasuka. Hakuna dawa ya jambo hili baada ya kitanda kwisha kuungwa. Dawa yake ni kabla.

Hapa twakumbuka vigoda vya wazee wa Usukuma, vilivyochongwa kwa gogo moja, kiti na miguu pamoja. Kigoda cha namna hiyo hakina kiungo hata kimoja, basi hakina pa kulegea. Na heshima yake ilikuwa kubwa: huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma, jengo la hifadhi ya vitu vya watemi lilijengwa kwa umbo la kigoda cha enzi. Lakini kitanda hakichongwi kwa gogo moja. Hatuna budi kuunga, na kwa kuwa twaunga, hatuna budi kukausha.

Je, mbao zitoke wapi? Swali hili katika nchi yetu si dogo. Wazee wanajua kwamba katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka na misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kumnyima ndorobo makazi, katika siku ambazo Bwana C. F. M. Swynnerton aliongoza kazi ya kumchunguza mdudu huyo Tanganyika. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa ng'ombe vikaendeleza kazi ya shoka. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, na wakati ule Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga, maana mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Mradi ule haukuleta ujuzi mgeni. Uliwarudisha watu kwenye ngitili, yaani desturi ya kale ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ili nyasi na miti vipate kurudi. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Twaitaja habari hii kwa sababu mtu apataye hamu ya useremala asije akaingia ngitilini na shoka. Miti ya ngitili ina kazi yake, na miti kama mninga na mpingo haikatwi pasipo kibali, kama isemavyo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa kitanda chetu yatosha miti iliyopandwa nyumbani.

Mjohoro, ule uliopandwa kwa kivuli penye shule na zahanati nyingi, una kiini cheusi kigumu ambacho mchwa hukichukia. Ila vumbi lake huwasha macho na ngozi, basi yafaa kujifunga kitambaa puani wakati wa kuupasua. Mwarobaini nao ni mbao nzuri kuliko watu wanavyodhani. Watu wameuzoea kwa majani machungu, wakasahau kwamba ni ndugu wa miti ya mkangazi; kiini chake ni chekundu, na mchwa hawaupendi, ingawa nyuzi zake hupishana na randa hukwama mara kwa mara. Mkaratusi hukua upesi na kunyooka, lakini hupasuka ncha kama maji yakitoka haraka. Mbao za paini ziletwazo kutoka Sao Hill, Mufindi, ni laini, zafaa kwa mkono wa mwanafunzi, ila zisipotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Sisi, tukiulizwa, twachagua mwarobaini au mjohoro kwa nguzo, na paini au mkaratusi kwa chaga. Katika mti wowote uacheni ule weupe wa nje ulio karibu na gome, maana ndimo bungua aingiamo.

Kuukausha ubao hakuhitaji tanuru. Mti ukatwe mwanzo wa kiangazi, upasuliwe mapema, na mbao zipangwe mahali penye kivuli na upepo, juu ya mawe, futi 1 na zaidi kutoka ardhini. Kati ya safu na safu wekeni vijiti vya unene mmoja, vilivyopangwa wima kimoja juu ya chenzake, upepo upate kupita. Ncha za mbao zipakwe rangi ya mafuta au nta, kwa sababu maji hutoka upesi mno kwenye ncha, nazo hupasuka. Juu kabisa tieni mawe mazito ili mbao zisijikunje. Wengi huzianika juani wakidhani wanaharakisha kazi. Jua la Meatu litazipasua kwa juma moja.

Mtajuaje kwamba zimekauka? Mafundi wengine hugonga na kusikiliza, wengine hunusa. Ipo njia iliyo bora zaidi, na vyombo vyake mnavyo. Chukueni ubao mmoja, mwutie alama, mwuning'inize kwenye mizani ile ipimiayo pamba, na kuandika uzito wake katika daftari la mtoto ajuaye kusoma. Mwupime tena baada ya majuma mawili, na tena. Uzito utapungua, utapungua, kisha utasimama. Ukisimama kwa mara tatu mfululizo, na mvua haijaanza, ubao umefikia ukavu wa hewa ya nchi yenu. Ubao wa unene wa inchi 1 huhitaji miezi kadhaa. Ule wa inchi 2 au 3 mwaka mzima na zaidi. Ni muda mrefu, twajua. Kwa hiyo mti wa kitanda cha mwakani hukatwa mwaka huu, kama vile mbegu hutengwa kabla ya njaa.

Sasa vipimo. Nguzo ziwe nne, za inchi 3 kwa 3, urefu futi 6. Mihimili miwili ya ubavuni iwe mbili kwa nne, urefu futi 6 bila kuhesabu ndimi zake. Na mihimili ya kichwani na miguuni iwe futi 3 na nusu. Juu kabisa, kwenye ncha za nguzo, patahitajiwa fito nne nyembamba za kuzunguka, ambazo chandarua kitafungwa kwazo. Vyombo ni msumeno, randa, patasi, nyundo, kekee na futi ya kupimia.

Kiungo chetu ni ulimi na tundu. Ncha ya mhimili huchongwa ulimi wenye theluthi moja ya unene wake, urefu wa inchi 2, na nguzo hutobolewa tundu la kuupokea. Chongeni tundu kwanza, kisha ulimi, kwa kuwa ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kuziba tundu. Uingie kwa kusukumwa na kugongwa kidogo kwa mkono. Ukihitaji nyundo kubwa utapasua nguzo.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Mihimili ya ubavuni na ile ya kichwani ikikutana kwenye nguzo kwa kimo kimoja, matundu yake hukutana ndani, na nguzo hubaki ganda tupu. Basi mihimili ya ubavuni iwekwe kati ya inchi 14 na 18 kutoka chini, na ya kichwani na miguuni iwekwe juu yake, kati ya inchi 18 na 22. Nguzo itabaki na nguvu, na godoro litapata ukingo wa kulizuia lisiteleze.

Kiungo hakipigwi msumari. Toboeni nguzo kwa kekee, tundu la nusu inchi lipitalo katikati ya kiungo. Tieni ulimi, mkatie alama pale tundu lipitapo, kisha mwutoe, na kuutoboa si penye alama hasa bali karibu zaidi na bega la mhimili, kwa kadiri ya unene wa ukucha. Mkigongea kigingi cha mti mkavu, mgumu, kigingi hicho hujipinda kidogo na kuuvuta ulimi ndani, na bega likashikana na nguzo pasipo gundi. Na siku mkihama, au mlango ukiwa mwembamba, mtakigonga kigingi kitoke na kitanda kivunjwe vipande bila hasara.

Kabla ya kugongea vigingi vyote, pimeni kwa kamba kutoka kona hata kona ya mbali, kisha kona zile nyingine mbili. Kamba zikilingana, kitanda kimenyooka. Zisipolingana, sukumeni ile kona iliyo ndefu. Kazi hii ya kushika kamba ni ya watoto, nao huipenda.

Kisha chaga. Ndani ya mihimili ya ubavuni pigilieni vipande vya moja kwa mbili, na juu yake mlaze chaga 10 za upana wa inchi 4, zikiachana kwa inchi 3. Msizipige misumari. Kila chaga izuiwe na vijiti vidogo pande zake, ili mama wa nyumba aweze kuzitoa zote, kuzimwagia maji ya moto na kuzianika. Kunguni hujificha penye nyufa na chini ya mbao zisizotoka. Chaga zitolewazo kila mwezi hazimpi nafasi. Nyufa za nguzo zizibwe kwa unga wa msumeno uliochanganywa na gundi.

Kwa kupaka, mafuta ya kitani au vanishi yatosha. Watu wengine hupaka oili chafu ya magari ili kuzuia mchwa. Katika kitanda cha watoto twaikataza kabisa: yachafua ngozi na kutoa harufu mbaya, nayo ni sumu. Mchwa hupanda kutoka udongoni, basi kila mguu usimame juu ya jiwe bapa, na kitanda kikae mbali na ukuta wa udongo kwa kadiri ya shibiri moja. Mara moja kwa mwezi mtu apitishe taa chini yake. Akiona mstari wa udongo mbichi ukipanda kwenye jiwe, aukwangue siku hiyo hiyo.

Mabaki ya nguzo yatakuwa mafupi, ya inchi 10 au 12. Msiyatie jikoni. Manne kati yake, yakiunganishwa kwa ulimi na tundu kama tulivyoeleza, ni kiti cha mtoto. Na tungewashauri mfanye kiti hicho kwanza, kabla ya kitanda, mkono upate kuzoea patasi kwenye kipande ambacho kikiharibika hakina gharama.