Jiwe la Mwadui na Hesabu ya Karati

Mwaka 1947, kwenye mgodi wa Mwadui, Shinyanga, lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Mwenye mgodi alikuwa John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliyehangaika kwa miaka kadhaa kutafuta chimbuko la almasi za Tanganyika hadi akalipata hapo Mwadui mwaka 1940. Mwaka huo wa 1947 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa anaolewa, na Williamson akaamua jiwe lile liwe zawadi yake ya harusi.

Likapelekwa London kukatwa. Lilipotoka mikononi mwa mafundi lilikuwa na karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe imekwenda! Hakuna aliyeiba, wala fundi hakukosea. Basi, wajukuu zangu, leo nataka tuelewe mambo mawili: hiyo karati ni kitu gani, na kwa nini watu wenye akili zao walikubali kusaga nusu ya jiwe adimu namna ile.

Tuanze na karati. Karati moja ni gramu 0.2, yaani miligramu 200, kwa hiyo karati tano zinafanya gramu moja. Ukitaka kuihisi mkononi, chukua karatasi moja ya A4, ile ya fotokopi ambayo bunda lake limeandikwa gramu 80. Karatasi hiyo ina uzito wa karibu gramu 5. Igawe kwa rula na mkasi, sehemu tano kwa urefu na tano kwa upana, upate vipande 25 vilivyo sawa. Weka kimoja kwenye kiganja. Hiyo ndiyo karati moja, na utaona kama hujashika kitu. Jiwe la Binti Mfalme, lile ambalo watu walisafiri nalo kutoka Mwadui hadi London, lilipokamilika halikufikia hata uzito wa karatasi nzima.

Zamani wafanyabiashara wa vito kandokando ya Bahari ya Mediterania walipimia mbegu za mti uitwao mkarobu, wakiamini kwamba zote zina uzito mmoja. Hazina. Hutofautiana kama mbegu za mti mwingine wowote, na zaidi ya hapo kila mji mkubwa ulikuja kuwa na karati yake. Ukinunua almasi mji mmoja na kuiuza mji mwingine, hesabu inabadilika njiani. Mwaka 1907 mkutano wa mataifa kuhusu vipimo ukakata shauri: karati ni miligramu 200, basi.

Tazameni ilivyokuwa kwa jiwe liitwalo Cullinan, almasi ghafi kubwa iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905. Kwa karati ya zamani ya Waingereza lilihesabiwa 3,025 na robo tatu. Kwa karati mpya likawa 3,106. Jiwe lenyewe halikuongezeka hata chembe. Lilikuwa na gramu 621 na lilibaki na gramu zake zilezile.

Almasi nyingi zinazouzwa hazifikii karati moja, kwa hiyo karati nayo imegawanywa pointi 100. Mtu akisema jiwe lake ni la pointi 25, anasema ni robo karati, gramu 0.05. Mizani ya kupimia vitu vidogo hivyo hukaa ndani ya kijumba cha kioo chenye mlango, maana pumzi yako tu inatosha kuyumbisha namba. Na sonara akikuambia hereni za mama ni dhahabu ya karati 22, hapo hazungumzii uzito kabisa. Anazungumzia usafi: sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu tupu, zilizobaki ni madini mengine.

Sasa umbo. Almasi iliyokua vizuri ardhini huwa na umbo la piramidi mbili zilizounganishwa vitako, moja ikielekea juu na nyingine chini. Hesabu nyuso zake: nane, kila moja pembetatu. Lakini nyingi zimeviringika au zimevunjika. Na ikiwa ghafi haing'ai vile unavyodhani. Asiyeijua anaweza kuikanyaga akaendelea na safari yake.

Kung'aa kunatokana na mkato. Mwanga ukiingia ndani ya almasi hupinda kwa nguvu, na nyuso za chini zikiwa na pembe sahihi, mwanga huo hugonga upande mmoja, ukagonga wa pili, kisha ukarudi juu kwenye jicho lako. Sehemu ya chini ikiwa bapa mno, mwanga unavuja chini. Ikiwa ndefu mno, unatorokea pembeni, na katikati ya jiwe panakuwa peusi. Mwaka 1919 kijana Marcel Tolkowsky, kutoka ukoo wa wakata almasi wa Antwerp nchini Ubelgiji, alichapisha hesabu za pembe hizo. Mkato wa duara tunaouona leo madukani unafuata njia hiyo: nyuso 33 juu na 24 chini, jumla 57. Baadhi ya mafundi huongeza kauso kamoja kwenye ncha ya chini, zikawa 58.

Lakini almasi utaikata kwa nini, nayo ndiyo madini magumu kuliko yote? Kwa almasi. Mawe mawili husuguliwa moja kwa jingine mpaka pembe za piramidi ziishe na duara litokee. Kisha fundi huchukua gurudumu bapa la chuma, akalipaka vumbi la almasi lililochanganywa na mafuta, likizunguka kwa kasi akagusisha jiwe. Siri iko kwenye vumbi. Ugumu wa almasi haulingani pande zote. Kuna upande unaokubali kusagwa na upande unaokataa kabisa. Chembe za vumbi zimelala kila upande, kwa hiyo daima zipo zilizoelekeza ugumu wao kwenye jiwe. Fundi anasaga kidogo, anainua, anatazama kwa lenzi, anarudisha. Mimi kazi hii naiheshimu sana, kwa sababu kilichosagwa hakirudi tena.

Hapo ndipo karati zinapokwenda. Kupata duara ndani ya kitu chenye pembe, lazima pembe zife. Jiwe la Binti Mfalme lilikatwa duara, na gramu sita na ushei zikaondoka. Kilichobaki kikang'aa, na mwaka 1953 kikawekwa katikati ya ua la vito la kubandika kifuani.

Si kila jiwe hukatwa duara. Mkato wa mraba hupoteza uzito kidogo, kwa kuwa unaingia vizuri kwenye kitako cha piramidi ambacho tayari ni mraba. Mkato wa zumaridi ni mstatili wenye nyuso pana zinazoshuka kama ngazi. Huo hauwezi kuficha doa, kwa hiyo unahitaji jiwe safi. Jiwe refu lisilo na mpangilio huweza kuwa yai au tone. Kipande kikubwa zaidi cha Cullinan, chenye karati 530.2, ni tone, nacho kiko kwenye fimbo ya kifalme ya Uingereza. Cullinan lilipokatwa Amsterdam mwaka 1908, lilitoa mawe tisa makubwa yenye jumla ya karati 1,055 hivi. Theluthi moja tu ya jiwe zima. Kuna pia mkato uitwao marquise, mrefu na wenye ncha mbili kali, unaofanya jiwe lionekane kubwa kuliko uzito wake. Ncha hizo hukatika kirahisi, na sonara mwangalifu huzifunika kwa makucha ya dhahabu.

Msidanganywe na macho. Almasi ya duara ya karati moja, iliyokatwa vizuri, ina upana wa milimita 6.5 hivi. Ya karati mbili? Wengi watasema 13. Ni milimita 8 na kidogo, kwa sababu uzito unapoongezeka jiwe hukua pande zote, na kina kikiwemo. Na bei ya kila karati hupanda jiwe linapofika 1.00, kwa hiyo wapo wakataji wanaoliachia jiwe tumbo nene lisilo na faida, ili tu mizani isishuke chini ya namba hiyo. Unalipia uzito uliofichwa chini, na mwanga unavuja. Mimi naona ni afadhali jiwe la pointi 95 lililokatwa kwa haki.

Na msidhani hesabu hizi ni za matajiri wa mbali. Pale Maganzo, jirani na Mwadui, wapo wachimbaji wadogo wanaotafuta almasi kwa jembe na chekecheo. Anayejua kwamba gramu moja ni karati tano anaisoma mizani ya mnunuzi kwa macho yake mwenyewe.

Mwadui haijaisha. Jiwe jingine la waridi lilitoka huko likiwa ghafi na karati 32 na ushei. Safari hii wakataji walichagua mkato wa mto, yaani mraba wenye pembe za mviringo, wakabaki na karati 11.15. Mwaka 2022 liliuzwa kwenye mnada Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 5 kwa kila karati, na jiwe zima lina gramu 2.23.