Kigae cha Chungu na Kigae cha Chupa

Kwa msemaji wa kawaida, kipande cha chungu kilichovunjika ni kigae, na kipande cha chupa nacho ni kigae. Katika mazungumzo hapana dhara. Mintarafu ya ufinyanzi, hata hivyo, dhara lipo, nalo laweza kumharibia mfinyanzi kazi ya juma zima.

Tuchukue nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu. Vigae vya udongo si haba mkoani humo: kule Uvinza, kusini mwa Kasulu, maji ya chumvi yalichemshwa vyunguni kwa zaidi ya miaka elfu moja, na vipande vyake vingali ardhini. Vya chupa navyo vipo. Chupa nzima ya soda hurudi kretini. Iliyovunjika haina wa kuirudisha, maana hadi viwanda vya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Kuisaga na kuitumia papo hapo ni shauri jema.

Lakini itumikeje? Kigae cha chungu kikitwangwa na kuchanganywa na udongo mbichi, hakiyeyuki. Kazi yake ni kupunguza kunywea kwa udongo unapokauka, chombo kisipasuke. Kioo ni kinyume chake. Asilimia 70 hivi ya kioo cha chupa ni silika, ambayo peke yake huyeyuka kwenye sentigredi 1,700 hivi. Magadi yaliyomo hukifanya kilainike kwenye 700 na kitu, na moto wa kuni waweza kufika huko. Unga wake ukiwa kidogo na laini, hushikamanisha chembe za udongo. Ukizidi, chombo hulegea motoni kikapinda.

Basi mwongozo usemao “changanya unga wa vigae” hauna budi kumpoteza msomaji. Tunapendekeza kigae kibaki kwa udongo uliochomwa, na kilichosagwa kutokana na chupa kiitwe unga wa kioo. Unga wa chupa hautoshi, kwani chupa siku hizi ni za plastiki pia. Wapo watakaosema kioo ni cha kujitazamia. Lakini dirisha nalo lina kioo, na hakuna ajitazamaye humo.

Unga huohuo ukipakwa nje ya chombo na kuyeyushwa tanurini, tumeonelea uitwe utando wa kioo. Rangi haifai: rangi hukauka tu, haiyeyuki.