Tulitaka Farasi, Tukapandishwa Ngamia

Mjukuu wangu wa miaka minane alikuwa akinidai farasi. Nilimwahidi mwenyewe, likizo ya Agosti 2024, tulipokuwa tukifunga mizigo Mombasa kwenda kuwazuru jamaa za mke wangu Garissa. Nilisema kwa wepesi wa ulimi: huko ni nyika tupu, farasi watakosaje?

Basi tukashika njia ya Malindi, Garsen na Hola, tukauvuka Mto Tana kwa daraja, tukaingia mji ambao jua lake halimwonei mtu haya. Farasi hakuna. Punda tele wakivuta mikokoteni ya maji, na mbuzi, na ng'ombe, na ngamia.

Mwenyeji wetu, mzee wa Kisomali ambaye watoto walifunzwa kumwita Adeer, yaani ami, alicheka hadi ndevu zake za hina zikatikisika. "Farasi ataka maji kila siku, Maalim. Hapa nani atamtekea?"

Msomaji asidhani Wasomali hawamjui farasi. Sayyid Muhammad Abdille Hassan, aliyepigana na Waingereza miaka zaidi ya ishirini hadi alipofariki 1920, alikuwa na askari wapanda farasi, na shairi lake juu ya farasi wake Hiin Finiin ni katika tungo zao mashuhuri. Lakini hayo ni ya kaskazini, mbali na Tana.

Siku ya pili, baada ya sala ya Alfajiri, Adeer akatupeleka kwenye boma lake nje ya mji. Akaletwa dume wa mizigo, ambaye wenyewe humwita awr, shingoni ana kengele ya mti. Mjukuu akaruka kwa furaha. Amewaona wale wa ufuoni Bamburi wanaopandwa na watalii. Nikamwona mzee akisita.

"Kwetu mtu mwenye afya hapandi ngamia," akasema. "Hupandishwa mgonjwa, mkongwe, na mtoto mchanga. Huyu kazi yake ni kubeba nyumba."

Kweli nyumba. Wafugaji wanapohama, wanawake huivunja nyumba yao, miti iliyopindwa na mikeka ikafungwa juu ya mgongo wa mnyama, na vyombo vya maziwa vikaning'inizwa ubavuni. Mke wangu, aliyezoea shogi za punda wa Lamu, alitaka kuona kila fundo la kamba.

Hata hivyo mgeni ana haki yake. Ngamia akapigishwa magoti, mikeka ikatandikwa, tukapanda mimi na mjukuu. Sikuwa nimemaliza dua ya kupanda mnyama aliponyanyua miguu ya nyuma kwanza, nami nikakaribia kumbusu kisogoni. Mke wangu alicheka hata akashika mti. Halafu akaenda. Miguu ya upande mmoja huenda pamoja, kisha ya upande wa pili, nasi tukayumba kama jahazi lililoshikwa na mawimbi ya ubavuni. Nimesomesha Sura ya Al-Ghashiya miaka mingi, inayotuhimiza kutazama namna alivyoumbwa ngamia. Nakiri kwamba nilikuwa sijamtazama.

Tuliposhuka nikafanya kosa. Nikatoa noti mfukoni, kama ufuoni. Adeer akaitazama, asiipokee.

"Huyu alimbeba mama yangu," akasema polepole, "mwaka wa ukame, kumtoa malishoni hadi barabarani, apate gari la hospitali. Siwezi kumkodisha."

Nikairudisha noti, uso umenishuka. Ndipo akatueleza. Tangu mwisho wa 2020 mvua za misimu mitano mfululizo zilikosa, na Kenya nzima ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Yeye alikuwa na ngamia 31, wakabaki 6. Mbuzi huzaa upesi, alisema, na mtu akajaza zizi tena. Ngamia sivyo.

Tukanywa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Mjukuu alimaliza kibuyu chake bila kushurutishwa, jambo ambalo nyumbani halijapata kutokea.

Jioni akaniuliza kama Adeer atapata ngamia wengine. Nikamwambia jike mmoja ana mimba, na mimba ya ngamia ni kama miezi 13. Akakunja vidole kuhesabu, vikamwishia, akaomba na vyangu.