Windows Ikikataa Kufunguka, Usikubali Ifutwe Haraka

Stima ikipotea ghafla wakati Windows inajisasisha, tarakilishi yaweza kuwaka lakini isifunguke. Mafundi wengi hushauri papo hapo kwamba Windows ifutwe na kuwekwa upya. Kazi hiyo ikifanywa bila uangalifu, hesabu za chama, picha na vyeti vilivyohifadhiwa humo hupotea pia. Kabla ya kukubali, kuna hatua unazoweza kujaribu mwenyewe bila malipo.

Ukisikia diski ikigonga tik-tik, zima mara moja. Hilo ni tatizo la kifaa, na kila ukiiwasha unaiharibu zaidi. Mwambie fundi atoe faili kwanza.

Kama hakuna mlio, unganisha chaja, kisha washa. Nembo ya Windows ikitokea, shikilia kitufe cha kuwasha kwa takriban sekunde 10 hadi mashine izime. Rudia. Mara ya tatu, Windows 10 na 11 kwa kawaida hufungua ukurasa wa ukarabati zenyewe. Bonyeza "Troubleshoot", halafu "Advanced options". "Startup Repair" hurekebisha faili za kuwashia. Ikishindwa, "Uninstall Updates" huondoa sasisho la mwisho, nayo "System Restore" huirejesha mashine katika hali ya siku za nyuma, mradi ilikuwa imewezeshwa. Hati zako haziguswi, ila programu zilizowekwa baada ya siku hiyo huondoka.

Huenda ukaulizwa nambari ya BitLocker, yenye tarakimu 48. Itafute kwa simu katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo. Ni vyema kuiandika kando leo, mashine ikiwa bado nzima. Bila nambari hiyo, hata fundi hodari hatazisoma faili zako.

Windows ikifunguka lakini inakwama-kwama, tafuta "cmd" kwenye menyu na uchague "Run as administrator". Andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Amri hii huleta faili nzima kupitia intaneti, hivyo uwe na bando. Ikikamilika, andika:

sfc /scannow

Hii hubadilisha faili za mfumo zilizoharibika.

Yote yakishindikana, ipo "Reset this PC". Chagua "Keep my files", kamwe si "Remove everything". Hati zitabaki, lakini programu ulizoweka zitafutika. Ukilazimika kwenda kwa fundi, muulize amejaribu ipi kati ya hatua hizi kabla hujamruhusu kufuta chochote.